Bastola ya Mkono Mdogo

Sura ya Sita

"Nipe mkono," alisema muuza bunduki. "Si huo. Ule unaoandikia."

Domina Kabyemera aliuweka mkono wa kulia juu ya kioo cha kaunta. Chini ya kioo bastola zilikuwa zimelazwa safu kwa safu, kila moja na kikaratasi chake cha bei. Mzee Lorne, mwenye duka, hakuugusa ule mkono. Aliutazama kwanza, kama fundi cherehani anavyomtazama mteja kabla ya kuchukua futi.

"Vidole vifupi," alisema. "Kiganja kinene."

"Kimelima."

"Unasemaje?"

"Endelea tu, mzee."

Duka lilikuwa ukingoni mwa Scarborough, mashariki ya Toronto, katikati ya gereji ya matairi na kanisa lililopanga ghala. Domina alikuwa ameegesha gari lake mbele kabisa ya mlango, mahali ambapo kamera ingelinasa vizuri. Hakuwa na cha kuficha, na alipenda wenye kamera walijue hilo. Ualimu aliotoka nao Bukoba haukutakiwa na mtu mji huu. Walimpa tochi na koti la ulinzi pale uwanja wa ndege, akalinda milango ya watu miaka na miaka, mpaka alipoketi mwenyewe jikoni kwake, akasoma sheria, akafanya mtihani, akapata leseni ya upelelezi wa binafsi. Mtahini alimuuliza kama alisaidiwa. Domina bado alilikumbuka jina la yule mtahini.

Kazi iliyomleta ilikuwa hii. Jumanne ya wiki iliyopita, Shamez Walji, mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo kule Malton, alipigwa risasi akiwa ofisini kwake, wafanyakazi wakiwa wameshatoka. Bastola iliachwa sakafuni. Kabla ya usiku kuingia polisi walikuwa wameshamkamata Japhet Mutalemwa, mpakiaji wa ghala, akisubiri basi. Jina lake lilikuwa tayari kwenye makabati yao, kwa sababu walikuwa wakimsimamisha barabarani tangu akiwa shule ya sekondari, wakimwandikia kadi ya kumbukumbu kwa kosa la kutembea amevaa kofia kwenye baridi. Mtu akisimamishwa mara nyingi bila kosa, mwisho kule kusimamishwa ndiko kunakuwa kosa.

Dhamana alishanyimwa mara moja. Jumatatu angepelekwa tena mbele ya hakimu, na akinyimwa mara ya pili angekaa ndani mpaka kesi, na kesi za mji huu zilitembea kwa magongo. Wakili wake, Nuria, alimwambia Domina asubuhi hiyo kwa simu: "Dada, maneno ninayo ya kutosha. Niletee kitu cha kushika."

Lorne alifungua kabati, akatoa bastola kubwa, akaitazama tumboni kama ina risasi, akaitazama tena, kisha akampa.

"Shika. Elekeza ukutani. Ingiza mkono juu kabisa, mpaka huu uwazi wa kati ya dole gumba na kidole cha shahada ukae chini ya mkia wa mpini. Mtutu uende sawa na mfupa wa mkono wako. Sasa niambie, kidole kinafika wapi kwenye kifyatulio?"

"Ncha tu."

"Ncha tu. Ukivuta, utaisukuma bastola kushoto, risasi imwendee jirani. Rudisha." Aliichukua, akampa nyingine, fupi ya mpini. "Na hii?"

"Kidole cha mwisho kinaning'inia."

"Sheria ya hapa haitaki mtutu mfupi. Kwa hiyo bastola ndogo ya Kanada ni ndogo ya mpini, mtutu wake uko palepale. Wanaume huja hapa wakaona hii ni ya wanawake. Wanawake huja na waume zao, na waume ndio wanaochagua. Mimi nasema duka hili ni la viatu. Huwezi kuvaa kiatu cha shemeji yako kwa sababu kimependeza."

"Na mtu akikivaa?"

"Kinamuuma."

Domina alifungua mkoba. Nakala za picha za upelelezi alizipata kwa Nuria, naye Nuria aliziomba mahakamani, akaambiwa zinatafutwa, akaziomba tena, mpaka zikaonekana. Aliweka ya kwanza juu ya kioo: bastola nyeusi, imelala kwenye zulia, pembeni yake rula ya polisi.

Lorne alivaa miwani. Akainama.

"Hii niliiuza mimi."

"Umejuaje? Ziko nyingi."

"Ziko nyingi, lakini tazama nyuma ya mpini. Hicho kipande kinatoka. Kuna kikubwa, cha kati, na kidogo. Mwenye bastola anaweka kinachomfaa. Hapa kuna kidogo. Na hata hicho kidogo kimepigwa msasa, huku ubavuni. Nilikipiga msasa kwa mkono wangu, nyuma pale. Alikuja bibi mmoja, mwembamba, Mhindi lakini alisema yeye ni mtu wa Tanzania. Alishika kila kitu nilicho nacho. Mumewe anamwambia chukua ile kubwa, utaizoea. Yeye akamjibu, mkono ni wangu, bastola ndiyo itakayozoea."

"Minaz," alisema Domina. "Marehemu alikuwa mumewe. Walikuwa wanachama wa klabu ya kulenga shabaha."

"Nilisoma gazetini. Sikujua ndiyo ile bastola." Lorne alivua miwani. "Yule bibi ndiye aliyefanya?"

Swali hilo Domina alikuwa amelala nalo siku tatu. Bastola ya Minaz, leseni ya Minaz, sanduku la bastola lililokuwa ofisini kwa sababu jioni ile yeye na mumewe wangekwenda klabu. Polisi hawakumgusa hata kwa swali la pili. Mjane mwenye shali nyeupe hakufanana na muuaji wanayemjua. Muuaji wanayemjua hupanda basi.

"Niambie wewe," alisema, akaweka picha ya pili. Ilikuwa bastola ileile kwa karibu. Nyuma, pale chuma cha juu kinapokutana na mpini, palikuwa na alama ya kahawia, imekauka.

"Damu," alisema Lorne.

"Ripoti inasema ni ya marehemu."

"Alipigwa kwa karibu?"

"Alikuwa upande wa pili wa meza, na meza yenyewe ni ya kukalia watu sita. Mpigaji alisimama mlangoni."

Lorne alicheka kwa pua. Aliichukua bastola ndogo ya kaunta, akaishika kwa mkono wake mpana, nyama ya mkono ikamwagika juu ya mkia wa mpini. Kwa mkono wa kushoto akakivuta polepole kile chuma cha juu. Kilirudi nyuma, kikaja moja kwa moja juu ya nyama ile, akakizuia kabla hakijagusa.

"Umeona? Risasi ikitoka, chuma hiki kinarudi nyuma kwa kasi kuliko jicho. Kina kingo mbili huku chini, kama reli. Mkono ukikaa panapostahili, kinapita juu salama. Mkono mkubwa ukiishika bastola ndogo, na mwenyewe hajafundishwa, nyama inapanda juu, na reli zinapita ndani ya nyama. Mistari miwili, imenyooka, pamoja. Wenyewe tunaita kuumwa. Damu ya marehemu haiwezi kuruka meza nzima ikatulie mahali padogo namna hii. Hii ni ya aliyeishika."

"Mkono wa Minaz ungeumwa?"

"Ule? Nilimpimia mwenyewe. Ingemuuma labda akiiweka kichwani kama kofia."

"Na huu?" Picha ya tatu: mikono miwili imewekwa juu ya meza ya polisi, kiganja chini, kisha kiganja juu.

Lorne alipiga mluzi. "Mikono ya golikipa."

"Ni ya kijana waliyemkamata. Anadakia timu ya kanisa. Picha ilipigwa jioni ileile aliyokamatwa."

Mzee alisogeza picha chini ya taa. Ngozi ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilikuwa nzima, laini, haina hata mkwaruzo.

"Mkono mkubwa kama huu, na kipande kile cha nyuma," alisema taratibu. "Ningeshangaa. Lakini sitakuapia mahakamani kwamba haiwezekani. Mwenye bahati anaweza kupona."

"Kwa hiyo natafuta nini?"

"Mkono mkubwa. Wa mtu asiyejua bastola. Wenye mistari miwili."

"Polisi walikuja kukuuliza haya?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Domina alimpigia mpelelezi wa polisi akiwa bado kwenye maegesho, injini imewashwa ili kioo kisigande. Mpelelezi alikuwa na sauti ya mtu anayekula.

"Bi Kabyemera. Tena."

"Ile damu iliyo nyuma ya bastola. Imepimwa?"

"Ni ya marehemu."

"Nimeuliza kama imepimwa."

"Haikuwa lazima. Tuna shahidi aliyemsikia mshitakiwa akitishia kuua."

"Vitisho vilikuwa kwa Kiswahili. Nani aliwatafsiria?"

Mpelelezi alimeza alichokuwa akitafuna. "Ndugu wa familia alijitolea."

"Kaka wa marehemu."

"Alitusaidia sana. Mama, waachie wenye kazi kazi yao."

"Ninayo leseni kama wewe," alisema Domina. "Yangu nimeilipia mwenyewe. Naomba damu ipimwe, na ombi hili wakili ataliweka kwa maandishi kabla hujamaliza hicho unachokula."

Simu ilikatwa. Hakukasirika zaidi ya alivyokuwa amekasirika tangu mwaka aliotua. Alikaa, akapanga mambo. Mlango wa ofisi haukuvunjwa. Funguo walikuwa nazo watu watatu: Shamez mwenyewe, Japhet, na Amirali, kaka mkubwa wa Shamez. Shamez amekufa. Mikono ya Japhet imeshapigwa picha. Ya Amirali haikutazamwa na mtu. Nani humwambia mkalimani aweke mikono mezani?

Na kulikuwa na jambo Japhet alilomwambia kule rumande, akiwa nyuma ya kioo, simu imemezwa na ule mkono wake. Alikuta magari ya wizi ndani ya makontena ya kwenda Mombasa, yamefunikwa kwa magodoro. Akamfuata Shamez ofisini, wakazozana kwa sauti. Japhet alitaka polisi waitwe siku hiyohiyo. Shamez aliketi, akajishika kichwa, akasema: kwanza nimuulize Bhai.

Bhai, yaani kaka, ndivyo wadogo wa nyumba ile walivyomwita Amirali.

Duka la Amirali lilikuwa Malvern, kwenye safu ya maduka yenye kinyozi mmoja, tiketi za ndege, na kuku wa kukaanga. Kila Mtanzania wa mashariki ya mji alilijua. Unga wa sembe, mihogo ya kugandishwa, dagaa wa Mwanza kwenye mifuko, majani ya chai ya nyumbani. Ijumaa hiyo mchana lilikuwa karibu tupu. Mama mmoja wa Kikenya alikuwa anachagua ndizi za kupika, anazibonyeza moja moja. Bucha ya nyuma ilikuwa imefungwa, taa imezimwa, msumeno wa nyama umefunikwa kwa plastiki.

Amirali alikuwa kwenye kaunta. Mtu mkubwa, mabega ya kubeba magunia, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji. Mbele yake kulikuwa na gazeti na kikombe.

"Karibu, mama. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, mzee Amirali. Pole na msiba. Sikuwahi kuja kukupa mkono."

Akaunyosha mkono wake juu ya kaunta.

Amirali akaunyosha wa kwake. Ulikuwa na glovu ya mpira, ya bluu. Na kabla haujamfikia Domina, mkono ule ulikunja ngumi, ukainama, ukampa kifundo cha mkono.

"Samahani, mama. Mkono mchafu. Nilikuwa nashika nyama."

Domina alikishika kile kifundo kwa heshima zote. Hakikuenea ndani ya vidole vyake. Ndivyo watu wa kule walivyolelewa: mwenye mkono wa unga, wa mafuta, wa matope hamnyimi mwenzake salamu, humpa kifundo. Mzaliwa wa hapa angetia mkono mfukoni, akaitikia kwa kidevu, na mambo yangekwisha. Amirali alikaa Toronto tangu ujana wake na adabu hiyo haikumtoka. Lakini glovu ilikuwa kavu. Haikuwa na tone. Bucha imelala. Na mkono wa kushoto, ulio karibu na kikombe cha chai, ulikuwa wazi, safi, hauna glovu.

"Ijumaa hukati nyama," alisema Domina.

"Oda maalumu."

"Sawa."

"Mama Kabyemera, tusizungushane. Najua umetumwa. Watanzania wameacha kuja hapa tangu yule kijana akamatwe. Kwani mimi ndiye niliyemfunga?"

"Wewe ndiye uliyetafsiri."

"Waliniomba. Nilisaidia."

"Japhet alisema nini siku ile ofisini?"

"Alisema atamuua ndugu yangu. Nilikuwa nje ya mlango, nilisikia kwa masikio haya."

"Yeye anasema walizozana juu ya magari ya wizi yaliyo kwenye makontena. Anasema Shamez alimjibu: kwanza nimuulize Bhai."

Kwenye safu ya makopo, mtu aliyekuwa akipanga nyanya aliacha kupanga. Domina hakuwa amemwona. Alijitokeza taratibu, mwanamke mwembamba, shali nyeupe mabegani, kopo moja bado mkononi. Kopo lilimjaa mkono mzima. Minaz.

"Rudi ndani, Minaz," alisema Amirali. "Nilikwambia ukae nyumbani, watu wanakuja kukupa pole."

"Nyumbani nimechoka kukaa," alisema Minaz. "Alisema nini huyo kijana?"

"Uongo. Mfungwa hasemi kweli." Akamgeukia Domina, na sauti yake ikapanda. "Nyinyi watu hamwachi. Mlituchukulia nyumba ya baba Mwanza, ghorofa aliyoijenga tofali kwa tofali. Siku moja tu, redioni, imekwenda. Tukaja hapa na masanduku. Sasa mmeniulia ndugu, na bado mnakuja dukani kwangu kuniuliza maswali."

"Ghorofa ile naijua," alisema Domina. "Baba yangu alikuwa anapakua magunia mbele yake. Ilipotaifishwa, aliendelea kupakua magunia mbele yake. Hakuna aliyempa hata ngazi. Kwa hiyo deni hilo kamdai aliyelichukua, usimdai Japhet. Na hapa nimekuja kwa jambo dogo. Vua glovu, mzee, tusalimiane kama watu."

"Nimejikata. Kwa msumeno wa nyama."

"Pole. Jeraha la kazi halina aibu."

"Huna haki ya kuniambia nivue nguo dukani kwangu."

"Sina haki yoyote. Mimi ni mteja tu, nimenyimwa mkono."

Yule mama wa Kikenya alikuwa ameshafika kaunta na ndizi zake. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Si umwonyeshe tu, mzee," alisema. "Kidonda ni kidonda. Halafu unipimie hizi ndizi, basi langu linapita."

Amirali aliona aibu mbele ya mteja, na aibu ikamgeuka kiburi. Aliishika glovu kwenye kidole, akaivuta mara moja, akaubamiza mkono juu ya gazeti.

"Haya. Tazameni. Msumeno."

Ulikuwa mkono mpana, wenye nyama. Kwenye ule uwazi wa kati ya dole gumba na kidole cha shahada kulikuwa na magamba mawili yaliyoanza kubanduka, membamba, yamenyooka, yamekwenda sambamba.

Domina alikuwa na maneno tayari, ya Lorne na ya kwake, ameyapanga tangu Scarborough. Hakuyatumia. Minaz alikuwa ameshaliweka kopo chini. Alikuja mpaka kwenye kaunta, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauinamia.

"Shamez alikuwa na hiki," alisema.

Amirali alijaribu kuuvuta. Minaz hakuuachia.

"Siku ya kwanza klabu. Aliniambia nipe nikuonyeshe wanaume wanavyoshika. Akapiga moja. Damu ikatoka hapahapa, mistari miwili hivihivi. Nilimsafisha mimi kwenye sinki lao. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hakuigusa tena bastola yangu; alisema ina wivu." Aliinua macho. "Msumeno gani, Bhai, una meno yanayopita mawili mawili?"

Amirali alisema kitu kwa Kikutchi, lugha ya kwao, haraka, chini kwa chini.

"Sema Kiswahili," alisema Minaz. "Polisi uliwatafsiria. Sasa tafsiria na mimi."

"Minaz. Usinivunjie heshima mbele za watu."

"Ulikuwa wapi Jumanne?"

"Hapa. Dukani."

"Nilikupigia hapa Jumanne nikiuliza kama unakuja kula kabla hatujakwenda klabu. Simu ililia mpaka ikanyamaza. Nikafikiri uko kwenye sala."

Amirali aliangalia mlango, akamwangalia yule mama wa ndizi, akaangalia mkono wake kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Alitaka kuwaita polisi. Nilimwambia nipe wiki, nitaacha, nitawaondoa wale watu wa magari. Akasema hapana, leo. Alikuwa na simu mkononi, Minaz. Ndugu yangu mwenyewe. Angetumaliza sote, jina, duka, watoto wako. Fikiria familia."

"Kwa hiyo ukanishika kwa mkono ule uliotoka kumuua, ukanipeleka polisi, ukaniambia niweke sahihi kwamba yule kijana alijua bastola iko wapi." Minaz aliuachia ule mkono. "Nami nikaweka. Mtoto wa mwenzangu yuko ndani kwa sahihi yangu."

"Ni mpakiaji tu. Watamwachia baadaye, wakikosa ushahidi."

"Wamemwachia nani hawa, baadaye?" alisema Domina.

Yule mama wa Kikenya alikuwa ameinua simu yake, ameishika kifuani, imeelekea kaunta.

"Mkono nimeupiga picha," alisema. "Na hayo maneno imeyashika. Sitafuti ugomvi, mzee. Lakini nina kijana wa umri huo."

"Namba yako, dada," alisema Domina, na mama akamtajia, naye akaiandika kiganjani kwa kalamu ya wino, kwa kuwa karatasi huweza kunyang'anywa. Kisha akampigia Nuria, akamwambia maneno machache tu: mkono umepatikana, damu ilinganishwe na nani, nani ameshuhudia. Nuria alisikika akivuta kiti.

Minaz alikuwa ameivuta simu ya kaunta kwake. Alimpigia mpelelezi. Alizungumza Kiingereza, taratibu, akataja jina lake herufi kwa herufi. Alisema anataka kufuta maelezo yake kuhusu Japhet Mutalemwa na kutoa mengine. Akasikiliza. Domina aliisikia sauti ya aliyepokea kutoka alipo: mpelelezi hayupo, ametoka, atampigia Jumatatu.

"Jumatatu yule kijana yuko mbele ya hakimu," alisema Minaz. "Mimi nakuja leo. Mwambie arudi."

"Bibi, leo hakuna mtu wa kuchukua—"

"Basi nitakaa chini hapo mlangoni kwenu na shali yangu ya msiba, na nitapiga magoti kila akipita mwandishi wa habari. Nakuja leo."

Akaweka simu. Domina alikuwa amesimama mbele ya mlango, miguu imetanuliwa kidogo, kama alivyosimama miaka ile ya uwanja wa ndege, ila safari hii alijua analinda nini. Hakuwa na pingu wala amri ya mtu. Amirali angeweza kumsukuma akapita. Mabega alikuwa nayo. Wote wanne walilijua hilo.

Minaz alizunguka kaunta. Kwenye msumari, nyuma ya kiti, lilining'inia koti zito la mwanamume. Alilitoa, akalikunguta, akalifungua kwa mikono miwili, kama wanawake wa nyumba ile walivyolifungua kila asubuhi kwa mkubwa wa familia.

"Minaz, tafadhali," alisema Amirali.

"Vaa koti, Bhai," alisema Minaz. "Nje baridi."